Silaha Sokoni na Msikitini: Ruhusa ni ya Nani?



Kuna desturi moja imeingia katika miji yetu nayo yakua kila siku, wala hatuoni mtu wa kuikemea. Ni desturi ya mtu kuingia na silaha mahali pasipopasa silaha: sokoni, harusini, hospitali, na (Mwenyezi Mungu atusitiri) hata msikitini. Akiambiwa, hujibu kwa maneno mawili tu: "Ninayo leseni." Akisha kusema hivyo huona ameshinda. Sisi leo twataka kumwambia kuwa hakushinda, na twataka kumwambia kwa Sheria ya dini na kwa sheria ya nchi pia, ili asipate pa kukimbilia.

Sisi twakaa Mombo, na Mombo ni mji wa wapita njia. Tangu reli ya Usambara ilipofika hapa mwaka 1905 mpaka leo, kila mtu hupita hapa. Aendaye Lushoto huiacha barabara kuu hapa na kuanza kupanda mlima. Atokaye Dar es Salaam au Tanga kwenda Moshi na Arusha hushuka hapa kula na kunyoosha miguu. Basi keti siku moja katika mgahawa wowote kando ya barabara ukatazame mikono na viuno vya watu. Utamwona Msambaa kateremka na panga lake la shamba. Utamwona kijana wa mkonge na kisu chake cha kazi. Utamwona mfugaji wa Kimasai au wa Kiparakuyo na sime kiunoni na rungu mkononi. Mara nyingine utamwona mzee wa upande wa Handeni aliyebeba gobore la kufukuzia nguruwe, limefungwa kwa gunia. Kisha litasimama gari jeupe lenye vioo vyeusi, ashuke bwana mmoja, apandishe shati kidogo kama aliyesikia joto, na hapo kila mtu aione bastola.

Sasa sikiliza msomaji, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Yule mfugaji akitaka kupanda basi, utingo humnyang'anya rungu na sime akavitupa chini kwenye buti, na abiria wote husema "Vizuri!" Yule mzee wa gobore husimamishwa, akaulizwa karatasi zake mara tatu kabla hajafika mwisho wa soko. Lakini yule bwana wa bastola huitwa "Mheshimiwa", akavutiwa kiti na kupanguziwa meza. Hakuna anayemuuliza. Hata mwenye mgahawa, ambaye mgahawa ni wake na leseni ya biashara ni yake, huona haya kumwambia neno. Je, silaha ya tajiri haiui? Wallahi yaua zaidi, kwani sime yahitaji mtu kusogea karibu, na rungu laweza kukwepwa, lakini risasi haina haja ya kusogea wala haikwepeki.

Hatusemi kwamba mfugaji aachwe apande basi na sime yake. Twasema kwamba kanuni iliyo nzuri kwa mfugaji ndiyo hiyo hiyo iliyo nzuri kwa tajiri, na jamii inayoitumia kwa mmoja na kuiacha kwa mwingine haina kanuni, ina woga tu.

Tutazame kwanza sheria ya nchi, kwa kuwa yeye ndiyo aliyoanza kujitetea kwayo. Leseni asemayo hutolewa kwa Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ile iliyochukua mahali pa Sheria ya mwaka 1991. Sheria hiyo humruhusu mtu kumiliki silaha maalumu, iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa masharti. Haikumpa ruhusa ya kuwatisha watu. Na iko sheria nyingine, ya zamani zaidi, ambayo wengi wetu hatuijui: katika Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, imeandikwa kuwa mtu anayetembea na silaha hadharani pasipo sababu ya halali, kwa namna ya kuwatia watu khofu, ametenda kosa, na silaha zake zaweza kutwaliwa na Serikali. Tazama maneno hayo vizuri. Sheria haikusema "silaha isiyo na leseni". Imesema silaha, na imesema khofu. Mwenye leseni akiipandisha shati mbele ya wauza ndizi ili waone, au akaiweka juu ya meza karibu na sahani ya wali, leseni yake haimfichi. Wenzetu wa Kenya wanalo kosa hilo hilo katika Kanuni zao za Adhabu, kwa maneno yanayofanana, kwani zote zilitoka kwa Waingereza.

Na Waingereza wenyewe walilitoa wapi? Tangu mwaka 1328, katika sheria waliyoiita ya Northampton, mfalme wao Edward wa Tatu alikataza watu kwenda na silaha katika maonyesho na masoko, usiku wala mchana. Wako vijana wetu watakaosoma hayo wakasema, "Ajabu, Wazungu walitangulia!" Hawakutangulia kitu. Karibu miaka mia saba kabla ya hapo, katika mji wa Madina, jambo hilo lilikwisha kusemwa, na likasemwa kwa adabu nzuri zaidi.

Imepokewa kwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha kila apitaye katika msikiti au katika soko akiwa na mishale, azishike ncha zake kwa mkono wake, asije akamdhuru Mwislamu yeyote. Hebu tuitazame amri hii. Msikiti na soko: mahali pawili wanapokusanyika watu bega kwa bega, ambapo mtu hawezi kumkwepa mwenzake. Na mishale ilikuwa nini zama zile? Ilikuwa chombo cha kila siku, cha kuwindia na cha kulindia mifugo, kila mwanamume alikuwa nayo, na wala haikuwa imekatazwa kumilikiwa. Juu ya hivyo hakuambiwa "Unayo haki, pita." Aliambiwa azishike ncha. Yaani jukumu la kuwasalimisha watu liko juu ya mwenye silaha, si juu ya watu kumwogopa na kumpisha. Anayebeba ndiye anayetakiwa kujichunga. Hao wanaosema "mwenye khofu na anipishe" wameigeuza dini juu chini.

Tena imepokewa kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume amemkataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa sababu hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake akaangukia katika shimo la Moto. Na katika mapokezi mengine, Malaika humlaani mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma, ijapokuwa ni ndugu yake wa baba na mama, yaani hata kwa mzaha. Na Jabir (R.A.) amepokea kukatazwa watu kupeana upanga uliotolewa alani. Ndugu zangu, upanga! Upanga haufyatuki peke yake. Basi itakuwaje bastola yenye risasi chumbani, ambayo mtoto wa miaka minne aweza kuivuta?

Wala hatusemi mambo ya kudhania. Tarehe 23 Machi 2017, mchana kweupe, mbele ya hoteli mjini Dar es Salaam, mbele ya waandishi wa habari na kamera zao, mtu asiyevaa sare alimtolea bastola mtu aliyekuwa Waziri mpaka asubuhi ya siku ile, kwa sababu tu alitaka kusema na waandishi. Nchi nzima iliiona picha. Ikiwa hivyo ndivyo hufanyiwa mtu mkubwa barazani pa watu, na kamera ziko wazi, basi muuza machungwa wa stendi ya Mombo atatumaini nini akigombana na mwenye bastola kwa chenji ya shilingi mia tano?

Sasa tuje kwenye mahali penye mwenyewe. Nyumba ina mwenyewe, duka lina mwenyewe, na msikiti una kamati inayousimamia kwa amana ya wakfu. Benki zetu zimebandika picha mlangoni: bastola imepigwa mstari mwekundu, na kila mtu hutii, tajiri na maskini. Lakini mwenye duka akibandika karatasi kama hiyo, watu humcheka. Na kamati ya msikiti ikibandika, wako watakaosema, "Nyumba ya Mwenyezi Mungu haina wa kumkataza mtu." Huu ni upotofu. Hakuna aliyekatazwa kuingia. Kilichokatazwa ni chuma chake.

Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, na hilo ndilo safi zaidi kwetu. Hakusema turudi tukipewa sababu. Hakusema turudi ikiwa mwenye nyumba ni mkubwa kuliko sisi. Mwenye mahali akisema "Karibu wewe, lakini hicho usiingie nacho," amekwisha kuweka sharti la idhini yake, na anayeingia kinyume cha sharti ameingia bila idhini. Sheria ya nchi nayo hapa haiko mbali: mtu aliyeingia mahali pa mwenzake kwa halali, kisha akabaki hapo kwa nia ya kumtisha au kumuudhi mwenyewe, amekwisha kuwa mkosa kama aliyeingia kwa nguvu.

Huko Marekani, katika Jimbo la Texas, mambo haya yamewapeleka mbali. Mwenye duka asiyetaka bastola dukani mwake hupaswa kuweka tangazo lenye maneno yaliyopangwa na sheria, kwa lugha mbili, Kiingereza na Kihispania, na herufi zisipungue inchi moja. Ikiwa herufi ni ndogo, tangazo lake si kitu. Watu wazima, wenye elimu na mali, wamefika pa kupimana herufi kwa rula ili wajue kama wamekaribishwa na bunduki zao au hawakukaribishwa! Kwetu neno "hodi" lilitosha, na jawabu la "subiri kidogo" lilitosha pia. Tusiiache adabu hiyo tukaja kununuana rula.

Na mwenye kudhani kuwa kutii sharti la mwenye mahali ni udhalili, na akumbuke mwaka wa sita wa Hijra, pale Hudaybiya. Maquraishi, washirikina, maadui waliowatoa Waislamu majumbani mwao, waliweka sharti kwamba Waislamu wakija Makka mwaka ufuatao wasiingie na silaha ila panga, nazo ziwe alani. Mtume (S.A.W.) alilikubali. Mwaka wa saba walipokuja kufanya Umra, silaha nyingine walizokuja nazo kwa tahadhari waliziacha nje ya mji pamoja na walinzi, wakaingia kama walivyoahidi. Je, Mtume wa Mwenyezi Mungu alidhalilika? Basi ikiwa sharti la mshirika lilitimizwa, sharti la Haji Fulani mwenye duka la vitambaa, Mwislamu mwenzako uliyesali naye Ijumaa, litakushinda nini?

Iko habari nyingine ambayo laiti ingesomwa kila Idi. Abdullahi bin Umar (R.A.) alipokuwa mzee alichomwa mguuni na ncha ya mkuki katika msongamano wa mahujaji, huko Mina. Hajjaj, liwali mkali aliyeogopwa na kila mtu, alikuja kumtazama na kusema laiti angemjua aliyemjeruhi. Bin Umar akamjibu kuwa aliyenijeruhi ni wewe. Vipi? Akamweleza kuwa ni yeye aliyeruhusu silaha zibebwe katika siku isiyobebwa silaha, na kuziingiza katika Haram ambamo silaha hazikuwa zikiingizwa. Tazama, Bin Umar hakumtafuta yule askari mwenye mkuki katika umati. Alimshika aliyeufungua mlango. Wenye misikiti, wenye kumbi za harusi, wenye mabasi na migahawa, habari hii yawahusu nyinyi kabla ya kumhusu mwenye bastola.

Twajua majawabu yatakayokuja. Wa kwanza atasema, "Majambazi je? Barabara hii ndefu, nami nasafiri na fedha." Hii ni hoja, wala hatuidharau. Msafiri mwenye khofu ya kweli na leseni ya kweli, sheria imemwangalia, na dini haikumkataza kujilinda. Lakini jambazi wa barabarani hayumo katika safu ya pili ya Sala ya Adhuhuri. Hayumo katika nyumba ya harusi baina ya akina mama wanaoimba. Mtu akae na silaha yake pale penye hatari aliyoitajia leseni, na anapofika penye amani aifungie mahali palipo salama.

Mwingine atatukumbusha Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, walipouawa watu 67, ambapo raia kadhaa wenye leseni waliingia na bastola zao wakawatoa watu wengi. Ni kweli, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini siku ile ile askari wa vikosi viwili vya Serikali moja walipigana risasi kwa kutojuana, na kamanda wa polisi akafa. Waliosomea vita walishindwa kutambuana ndani ya nyumba ile, sembuse sisi, ikiwa kila mmoja msikitini atakuwa na yake na mlio ukasikika?

Watatu atakuja na Qur'ani. Atasema: Suratun-Nisaa, aya ya 102, imeamrisha watu wasali na silaha zao. Naam, ndiyo Sala ya khofu, vitani, adui akiwa mbele ya macho. Na aya hiyo hiyo imewaruhusu waziweke chini wakipata udhia wa mvua au wakiwa wagonjwa. Mwenye kuichukua amri ya uwanja wa vita akaileta kwenye kapeti la msikiti wa Mombo, atuonyeshe adui ni nani. Ni imamu? Ni muadhini? Hata khatibu wetu anayeshika upanga akipanda mimbari hushika kitu cha kuegemea, na mahali pengine upanga wenyewe ni wa mbao.

Wanne atasema ni mila. Mmasai na sime yake, Mwarabu na jambia lake. Mila twaiheshimu, lakini mila hubadilishwa na wenyewe pale inapowaletea msiba. Yemen, nchi ambayo bunduki ni kama kilemba, Serikali yake mwezi wa Agosti 2007 ilipiga marufuku kubeba silaha bila ya ruhusa katika Sana'a na miji mikubwa. Na sisi misiba tunayo. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Mizizi ya ugomvi ilikuwa ardhi na malisho, si silaha. Lakini ugomvi wa ardhi ulio mikononi mitupu huishia kwa mtendaji wa kijiji, na wenye silaha huishia makaburini.

Tena kwa sisi wa huku hatuna haja ya kwenda Kilosa kutafuta mfano. Mazinde si mbali na hapa. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, mwanawe Semboja aliyekuwa huko Mazinde, kwenye njia ya misafara, alijipatia bunduki na baruti zilizopanda kutoka pwani, akamwondoa mtoto wa ndugu yake Vugha, na ufalme uliokuwa umetulia ukawa uwanja wa kukamatana. Bunduki zilinunuliwa kwa watu, na watu wakakamatwa kwa bunduki, wakateremshwa Pangani kuuzwa. Wazee wa Usambaa hawakuuita wakati ule wakati wa usalama, ingawa hapajapata kuwa na bunduki nyingi kama hizo milimani. Wajerumani walipofika waliwakuta watu wamekwisha kuchoshana.

Basi la kufanya ni lipi? Kwanza, silaha isiyo na karatasi irudishwe. Serikali ilitangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari mwaka 2022, na ikarudia mwaka 2023. Ukiwa umeachiwa gobore na marehemu baba yako likiwa limelala darini, usingoje likutwe. Mwendee mtendaji au imamu wako umuulize njia. Pili, kamati za misikiti ya Mombo na Korogwe zikae Ijumaa moja baada ya Sala, ziandike tangazo fupi kwa herufi wanazoweza kuzisoma wazee, zilibandike mlangoni palipo na viatu, na ziamue kabla ya siku kufika ni nani atakayemwambia mtu mkubwa. Asiwe muadhini maskini aliye mkono mmoja na mwenye bastola katika mshahara wake. Awe mwenyekiti mwenyewe. Na mfugaji akija na rungu na sime awekewe mahali pa kuvitundika, avikute akitoka. Asinyang'anywe kama mwizi.

Na wewe bibi mwenye nyumba, usione kuwa haya ni mambo ya wanaume. Mgeni akibisha hodi na bastola kiunoni, na watoto wako wamelala sebuleni, nyumba ni yako na aya tumekutajia. Akikuambia ataiacha garini, mkatalie hilo pia, kwani magari huvunjwa vioo. Akaifungie kwake kisha arudi. Chai ataikuta.